Cha juu: namna ya kupanga manunuzi na peti keshi za ofisi ndogo

Kila ofisi yenye watu kumi na kuendelea ina mtu anayetumwa. Anatumwa karatasi, toneri, dizeli ya jenereta, fundi bomba, maji ya kunywa. Akirudi analeta bidhaa, risiti na chenji. Tofauti kati ya bei aliyopewa dukani na bei iliyoandikwa kwenye risiti ndiyo cha juu, na muuza duka anauliza mwenyewe bila haya: "Bosi, nikuandikie ngapi?"

Maelezo haya ni ya kampuni au taasisi yenye wafanyakazi kama 8 hadi 60, isiyo na idara ya manunuzi wala mkaguzi wa ndani. Ina mhasibu mmoja, labda na mtunza stoo. Mazingira ni ya Tanzania Bara, na Kenya imetajwa pale sheria zinapotofautiana.

Anza kwa kufuta kanuni zisizofuatika

Wengi huanza kwa kuandika kanuni za maadili na kuzibandika ukutani karibu na mtungi wa maji. Kabla ya hapo, pitia kanuni mlizonazo na ufute zile ambazo hata mtu mwaminifu hawezi kuzifuata. Iliyoharibu ofisi nyingi kuliko zote ni hii: "Hakuna malipo bila risiti."

Bodaboda hana risiti. Mama lishe aliyeleta sahani 12 za kikao hana risiti. Kibarua aliyebeba meza hadi ghorofa ya nne hana. Mfanyakazi aliyetoa 6,000 yake ya mfukoni kwa bodaboda anakataliwa na mhasibu mara ya kwanza, mara ya pili pia, na mara ya tatu anaazima risiti ya steshenari yenye 6,000. Hajaiba hata senti. Ila amejua risiti inapatikana wapi, na amejua kwamba mhasibu haulizi. Mwezi ujao 6,000 itakuwa 9,000.

Badala yake chapisheni hati ya malipo yasiyo na risiti, karatasi moja yenye: tarehe na saa, kazi iliyofanyika (kutoka wapi hadi wapi, mzigo gani), kiasi, jina na namba ya simu ya aliyelipwa, sahihi yake au dole gumba, sahihi ya mfanyakazi aliyelipa, na sahihi ya aliyemtuma. Wekeni kikomo kwa hati moja, kwa mfano 30,000. Kwa bodaboda tengenezeni orodha ya nauli za njia mnazozitumia sana, ibandikwe kwa mhasibu na kurekebishwa kila bei ya mafuta inapobadilika. Kila mwezi mtu asiye mhasibu achague hati tano bila mpangilio na apige simu kwa waliolipwa: "Ulitufanyia kazi gani, ukapata ngapi?" Wafanyakazi wote wajue kwamba simu hizo hupigwa.

Kanuni nyingine ya kufuta ni posho ya safari inayolipwa baada ya mtu kurudi. Dereva aliyetumwa Dodoma siku mbili bila hela ya kulala atalala kwa kuuza dizeli. Mpeni masurufu kabla hajaondoka, kisha mdaini marejesho ndani ya siku 7 baada ya kurudi. Asiyerejesha ya kwanza hapewi ya pili, akiwemo mkurugenzi.

Kazi tano, mikono isiyopungua mitatu

Ununuzi una kazi tano: kuomba, kuidhinisha, kununua, kupokea na kulipa. Zikikaa kwa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani, mmemwachia mtego. Ofisi ndogo haiwezi kuwa na watu watano kwa kazi hiyo, lakini watatu wanatosha mkishika mambo mawili: aliyenunua hapokei, na anayelipa hachagui muuzaji.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu, hata kama mtu mmoja atashika kazi mbili. Mwenye shida anajaza ombi na kutaja kiasi na matumizi. Meneja anaidhinisha. Mtumwa, yaani yule anayetumwa dukani, ananunua. Mapokezi au mtunza stoo anahesabu na kusaini. Mhasibu analipa moja kwa moja kwa muuzaji, kwa benki au Lipa Namba yenye jina la biashara. Fedha isipite kwenye simu ya mtumwa. Hatua hii moja huondoa sehemu kubwa ya cha juu, kwa sababu muuzaji akitaka kumgawia mtumwa sasa inabidi atoe fedha iliyokwisha kuingia kwenye akaunti yake, na wengi hapo mkono unakuwa mzito.

Viwango vya kuanzia: hadi 50,000 itoke peti keshi (fedha taslimu ya matumizi madogo), zaidi ya hapo hadi 500,000 meneja aidhinishe na bei iulizwe kwa simu katika duka la pili, juu ya 500,000 profoma tatu (karatasi za bei ambazo duka hutoa kabla ya kuuza), juu ya 5,000,000 profoma tatu, sahihi mbili, na maelezo ya nusu ukurasa kwa nini muuzaji huyu kachaguliwa. Namba hizi si msahafu. Ukiona kila kitu kinaangukia kwenye profoma tatu, kiwango chenu ni cha chini mno. Watu watachoka na wataanza kuzitengeneza.

Angalieni pia manunuzi yaliyokatwakatwa: 480,000 Jumatatu na 490,000 Alhamisi, duka moja, bidhaa za aina moja. Mhasibu ajumlishe kila mwisho wa mwezi kwa jina la muuzaji, si kwa tarehe. Kwa tarehe huoni kitu.

Profoma tatu zenye mwandishi mmoja

Hapa ndipo ofisi nyingi hudhani zimejilinda. Mtumwa anakwenda Kariakoo, anarudi na profoma tatu nadhifu, ya kati ndiyo nafuu, kila mtu anasaini. Mara nyingi zote tatu zimetoka kwa muuzaji mmoja mwenye mihuri mitatu kwenye droo.

Zitandaze mezani pamoja, usizisome moja moja. Tafuta kosa la tahajia linalojirudia ("photocopy peper" kwenye zote tatu), mpangilio uleule wa vitu kuanzia namba 1 hadi 14, bei zinazopishana kwa hatua sawa, namba ya simu iliyobadilishwa tarakimu moja tu, TIN iliyokosekana, wino wa mihuri mitatu uliofifia upande mmoja. Profoma za kweli hazifanani. Duka moja halina kitu cha tano, jingine limeandika chapa tofauti, la tatu bei zake ni za ajabu kwenye vitu viwili.

Kinga yake ni rahisi. Mhasibu ndiye aombe profoma, kwa kutuma orodha ileile kwa maduka matatu siku moja kwa barua pepe au WhatsApp ya ofisi, na majibu yarudi hukohuko. Asiyehusika na kuchagua apige simu kwa aliyeshindwa na kumwuliza kama bei ile ni yake. Kila miezi mitatu badilisheni angalau duka moja kati ya matatu. Na kila baada ya muda mtume mtu wa idara nyingine kabisa aulize bei ya vitu vitano mnavyonunua sana, kama mteja wa kawaida, bila kutaja kampuni. Bei ya ofisi ikizidi ya mtaani kidogo si ajabu, maana muuzaji anayesubiri malipo siku 30 huongeza kitu. Ikizidi kwa theluthi, kuna watu wanakula.

Kupokea ni kuhesabu

Sahihi ya kupokea isiwekwe kwa kuamini. Boksi la karatasi za A4 lina rimu 5, rimu ina karatasi 500. Fungua boksi moja kati ya kumi. Mifuko ya saruji ihesabiwe ikishushwa, mmoja mmoja, si kwa kukadiria safu. Lori la mchanga lipimwe kabla ya kumwaga: urefu wa bodi mara upana mara kina cha mchanga, kina kipimwe kona nne na katikati. Bodi ya mita 4.2 kwa 2.1 yenye mchanga wa kina cha mita 0.8 ni mita za ujazo 7 na kidogo. Ikiwa mlilipia 10, msimamisheni dereva palepale, kwa sababu mchanga ukishamwagwa hauna ushahidi.

Toneri ina ujanja wake: iliyojazwa upya inauzwa kwenye boksi jipya kwa bei ya halisi. Siku ya kuiweka, chapisheni ukurasa wa hali ya printa unaoonyesha jumla ya kurasa. Siku ya kuitoa, chapisheni tena. Iliyotangulia ikitoa kurasa 2,300 na hii ikaishia 900, kazi ikiwa ileile, rudini dukani na karatasi zote mbili.

Mafuta

Hakuna eneo lenye tuhuma nyingi na vipimo vichache kama mafuta. Msimtuhumu dereva kabla ya kulipima gari.

1. Jaza tangi hadi pampu ikate yenyewe. Andika kilomita, tuseme 84,210.
2. Tumia gari kwa kazi ya kawaida hadi angalau kilomita 400.
3. Jaza tena, pampu ileile ikiwezekana, hadi ikate. Andika kilomita (84,630) na lita zilizoingia (42).
4. Gawanya: kilomita 420 kwa lita 42 ni kilomita 10 kwa lita.

Rudia mara tatu, walau mara moja kwa safari ndefu na mara moja kwa foleni za mjini, kwa sababu hayo ni magari mawili tofauti hata kama namba ya usajili ni moja. Baada ya hapo kila ujazaji uandikwe kwenye daftari la gari. Wastani ukishuka hadi 7.5, kilomita zilezile 420 zimekula lita 56: lita 14 zinatafutwa. Anzeni na tairi zenye upepo mdogo, chujio la hewa lililoziba, kiyoyozi, foleni mpya ya barabara inayojengwa. Vikiisha hivyo ndipo mzungumze na mtu. Kipimo cha kilomita kikifa, kitengenezwe ndani ya wiki. Gari lenye kipimo kibovu miezi sita lina mtu anayefaidika na ubovu huo. Kwa jenereta hesabu ni lita kwa saa, kutoka kwenye mita ya saa.

Risiti ya kituo cha mafuta ithibitishe malipo tu, isiwe kipimo cha matumizi. Wateja wengi huziacha pale kwenye pampu, na wapo wanaoziokota. Risiti itakuwa halali kabisa, imetoka kwenye mashine ya EFD (mashine ya risiti za kodi), ila mafuta yaliingia gari la mtu mwingine. Linganisheni saa iliyo kwenye risiti na daftari la safari. Gari lililokuwa gereji saa 4 asubuhi halikujazwa mafuta saa 4 asubuhi.

Kwa risiti zote za EFD, zilizo juu ya 50,000 zihakikiwe kwa msimbo wake kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA. Karatasi zake hufifia, hivyo piga picha au nakili ndani ya wiki. Nyaraka za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, na risiti nyeupe isiyosomeka haimsaidii mtu. Mfanyabiashara mdogo asiyelazimika kuwa na mashine asikataliwe kwa sababu hiyo. Tumieni hati ile ya mwanzo.

Boksi la peti keshi

Wekeni kiasi kisichobadilika, tuseme 300,000. Saa yoyote, siku yoyote, fedha iliyomo pamoja na vocha zilizolipwa lazima ifike 300,000. Kuna 112,500 taslimu? Vocha ziwe 187,500. Mnapojaza tena, mnajaza 187,500 hizo na si "laki mbili tu ili isiwe na vichenji".

Hesabu ya kushtukiza ifanyike mara mbili kwa mwezi, tarehe zisizozoeleka. Mtunza boksi ahesabu mwenyewe, mwingine aandike, wote wasaini. Msimnyang'anye boksi na kwenda kulihesabu chumba kingine. Ikikosekana noti hapo hamtajua ilipotelea mkononi mwa nani. Ziada pia iandikwe. Boksi lenye 8,000 za ziada lina chenji isiyorudishwa kwa mtu au mapato yasiyoandikwa, na mtunza fedha anayekaa na ziada "ya kufidia siku itakayopungua" ana vitabu viwili kichwani.

Vikaratasi vya "nitarudisha mwisho wa mwezi" visiwemo hata kimoja. Kwa kawaida cha kwanza huwa ni cha mwenye kampuni. Fedha ni zake, ni kweli, ila keshia aliyezoea kumwona bosi akichota bila vocha hana namna ya kumkatalia meneja, na meneja naye hawezi kumkatalia dereva. Mwenye mali akichukua, vocha iandikwe siku hiyohiyo na iingie kwenye akaunti ya matumizi binafsi ya mwenye mali. Dakika mbili tu.

Zawadi, mashemeji na kadi za michango

Kalenda na shajara za mwisho wa mwaka hazina neno. Mbuzi wa sikukuu, simu, au "hela ya soda" wakati zabuni iko wazi ni jambo jingine, na tofauti yake ni wakati kuliko bei. Wekeni daftari: nani kaleta, nini, lini, ana biashara gani nasi mwezi huo. Chakula kikishaletwa, kukirudisha ni tusi. Kiwekwe mezani wale wote na kiandikwe.

Linalosahaulika kwenye kila mwongozo ni kadi ya mchango wa harusi. Afisa anayechagua wauzaji akiwaingiza wauzaji haohao kwenye kundi la WhatsApp la michango, hakuna atakayeahidi 20,000. Anayechagua, anayeidhinisha na anayelipa wasiwape wauzaji kadi kabisa. Msiba ni tofauti. Hakuna wa kumzuia mtu kutoa rambirambi, ila nayo iingie daftarini.

Duka la shemeji lisipigwe marufuku, maana kwenye mji mdogo huenda ndilo lenye vifaa. Kila Januari kila mtu ajaze ukurasa mmoja: biashara zangu, na za ndugu zangu wa karibu zinazoweza kuuza hapa. Profoma ya shemeji ikifika, mwenye shemeji atoke kwenye uamuzi huo na kutoka kwake kuandikwe.

Malipo yanayochelewa yanazaa hongo

Muuzaji anayezungushwa miezi mitatu atajifunza jina la mtu wa kumtoa kitu ili hundi yake ipande juu ya rundo. Lipeni kwa mpangilio wa tarehe ya ankara kupokelewa, na orodha hiyo aione kila anayeuliza. Anayelipwa kabla ya zamu, sababu iandikwe na isainiwe na mtu asiye mhasibu. Fedha haipo? Mwambieni tarehe ya kweli.

Upande wa pili, afisa akija na faini ya mdomo, msimbishie wala msimpe bahasha. Mwombeni aandike kosa na kifungu cha sheria, na atoe namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12 na kuanza na 99. Jina lake na kituo chake viandikwe kwenye daftari la wageni. Wengi wa wale wasio na kosa la kuandika huishia getini. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina gharama.

Wapo wanaodhani rushwa ni jambo la serikalini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa mwajiriwa wa kampuni binafsi vilevile: kifungu cha 15 kwa kupokea au kutoa kishawishi katika shughuli za mwajiri, na kifungu cha 22 kwa risiti, vocha au profoma za kumdanganya mwajiri. Muuza duka anayeuliza "nikuandikie ngapi" naye yumo. Kenya, Sheria ya Hongo ya 2016 inaitaka kampuni binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake (kifungu cha 9), na mwenye madaraka anayejua au kushuku hongo aitaarifu EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi ya huko) ndani ya saa 24 (kifungu cha 14).

Mkishamshuku mtu

Hasira ya siku ya kwanza ndiyo inayowagharimu waajiri. Kusanyeni nyaraka kimya, nakala pembeni, kisha mpeni barua ya tuhuma yenye tarehe, kiasi na namba za vocha. Kwa kanuni za kazi za Tanzania za mwaka 2007, muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu kwa kawaida usipungue saa 48, na anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Mkimfukuza mlangoni bila kikao, ana siku 30 za kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na anaweza kushinda hata kama aliiba kweli.

Wala msimkate mshahara mzima mwezi huo. Makato ya hasara yana utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini: kosa liwe lake, asikilizwe, jumla isizidi hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Keshia anayefidia upungufu kila mwezi bila kusikilizwa ataanza kuufidia kutoka kwa wateja.

Barua kwa wauzaji

Wauzaji wasipojua utaratibu mpya, mtumwa wenu atawasimulia wake. Tumeni hii kwa wote siku moja:

"Ndugu mfanyabiashara, kuanzia tarehe ____ maombi yote ya profoma yatatoka kwenye namba ya ofisi ____ pekee, na malipo yatafanyika kwa akaunti au Lipa Namba yenye jina la biashara yako ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara. Hakuna mfanyakazi wetu mwenye ruhusa ya kuomba asilimia, zawadi, mchango wala kubadilishiwa bei kwenye risiti. Ukiombwa, piga ____. Kutoa taarifa hakutakupunguzia oda."

Namba ya mwisho isiwe ya mhasibu wala ya mtumwa. Iwe ya mtu anayepokea simu hata Jumamosi, na kila taarifa ipate jibu ndani ya siku tatu, hata kama jibu ni "tumekagua, hatukuona kosa".